Kitabu cha karatasi au cha mtandaoni: maktaba ya chuo inunue kipi?

Fedha ya vitabu haitoshi mwaka wowote, na fomu ya mapendekezo inapozunguka idarani mabishano ni yaleyale. Kuna wanaotaka kila shilingi iende kwenye vitabu vya mtandaoni, kwa hoja kwamba mwanafunzi wa leo anaishi kwenye simu. Kuna wanaotaka rafu zijazwe kama zamani, kwa hoja kwamba maktaba bila vitabu ni ukumbi wa kuchajia simu. Ulinganisho huu nawaandikia wanaojaza fomu hiyo: wakuu wa idara, wahadhiri, wakutubi, pamoja na wawakilishi wa wanafunzi kwenye kamati za maktaba.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Fedha ya karatasi iende kwa kile ambacho chuo hakiwezi kukubali kukipoteza na kile kinachosomwa mwanzo hadi mwisho. Fedha ya mtandao iende kwa kinachochakaa upesi na kinachotakiwa na watu wengi walio mbali.

Unamiliki au umepanga?

Tofauti kubwa kuliko zote iko hapa, na wengi wetu huipita bila kuitazama. Chuo kikinunua nakala ngumu, kikaigonga muhuri na kuipa namba ya rafu, nakala hiyo ni mali yake. Mchapishaji afilisike, auze kampuni, agombane na wakala wake, kitabu kitabaki palepale. Kitabu cha mtandaoni mara nyingi chuo kimekipanga tu, kama mtu anavyopanga nyumba: kodi ikikatika, au mwenye nyumba akibadili mawazo, unafungasha.

Mifano ipo. Agosti 2022, mwaka wa masomo ukiwa mlangoni, mchapishaji Wiley aliondoa vitabu zaidi ya 1,300 kwenye mkusanyo wa ProQuest, wakala wa vitabu vya mtandaoni, ambao vyuo vya Marekani na kwingineko vilikuwa vinaulipia. Wahadhiri walikuwa wamekwisha kuviweka kwenye orodha za kusoma. Wakutubi walipopiga kelele, vitabu vilirudishwa, lakini kwa muda tu, hadi katikati ya 2023. Kisha Februari 2025 Clarivate, kampuni inayomiliki ProQuest, ikatangaza kwamba itaacha kuziuzia maktaba vitabu kwa malipo ya mara moja, na kwamba kinachokuja ni usajili wa kulipia mwaka hadi mwaka. Upinzani ulikuwa mkali, tarehe ikasogezwa hadi katikati ya 2026. Kusogeza tarehe hakukubadili mwelekeo.

Leseni zenyewe zina ngazi. Iko ya msomaji mmoja kwa wakati mmoja, iko ya watatu, iko isiyo na kikomo. Ile ya msomaji mmoja ndiyo ya bei nafuu, na ndiyo inayotuumiza. Chukua darasa la wanafunzi 200 lenye jaribio Jumatatu. Jumamosi mmoja wao amefungua kitabu. Waliobaki 199 wanakutana na ujumbe kwamba kitabu kinatumika na msomaji mwingine, wajaribu tena baadaye. Anayetaka kupakua anapewa kurasa kadhaa tu, au anapewa faili zima linalojifunga lenyewe baada ya siku chache. Nakala kumi za karatasi kwenye kaunta ya vitabu vya akiba, zinazoazimwa kwa saa mbili mbili bila kutoka nje ya jengo, zingelihudumia darasa hilo vizuri zaidi. Na pale kaunta, mwanafunzi anayesubiri humwona aliye na kitabu na wanaweza kukaa meza moja.

Bei nayo ina utata wake. Kitabu kilekile ambacho mtu binafsi anakinunua kwa bei ya kawaida, maktaba inaweza kutajiwa bei ya mtandaoni iliyo mara kadhaa ya hiyo. Huko Uingereza jambo hili liliwachosha wakutubi kiasi kwamba mwaka 2020 walianzisha kampeni ya #ebookSOS kudai uchunguzi wa bei na masharti ya leseni. Ikiwa vyuo vya huko vinalalamika, sisi tunaobadilisha shilingi kuwa dola kabla ya kulipa tuna sababu ya kusoma mkataba mara mbili.

Hata hivyo nisiwe mtu wa upande mmoja. Kwa majarida ya kitaaluma mjadala umekwisha, mtandao umeshinda, na umeshinda kwa haki. Programu ya Hinari, iliyoanzishwa 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa, na ndugu zake waliokusanywa chini ya Research4Life, imewapa watafiti wa nchi maskini majarida ambayo vyuo vyao visingeweza kuyanunua hata robo. Miungano ya maktaba kama COTUL Tanzania, KLISC Kenya na CUUL Uganda hujadiliana bei kwa niaba ya vyuo vingi kwa pamoja. Na kuna vitabu vya ufikiaji huria, ambavyo mtu yeyote anavisoma na kuvipakua bila malipo wala leseni ya kubana. Hivi havina mwenye nyumba. Mkutubi anayetumia wiki moja kuvitafuta na kuviingiza kwenye katalogi ya chuo anaongeza vitabu vingi kuliko bajeti ya mwaka mzima.

Moto, wadukuzi na nyaya za baharini

Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulishuka kutoka mlimani ukaingia Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza Chumba cha Kusomea cha Jagger. Humo ndimo ulimokuwa mkusanyo wa masomo ya Afrika, vitabu takribani 70,000 na filamu zipatazo 3,500. Milango ya kuzuia moto iliokoa sehemu kubwa ya nyaraka zilizohifadhiwa chini ya jengo, ingawa nyingi ziliroweshwa na maji ya kuzimia moto. Kile ambacho kilikuwa kimeshaskaniwa kilibaki na kivuli chake. Ambacho hakikuwa kimeskaniwa, na hakikuwa na nakala pengine, kimekwenda. Anayetetea karatasi lazima alitazame hili bila kugeuza uso.

Lakini anayetetea mtandao naye atazame Oktoba 2023. Wadukuzi waliingia kwenye mifumo ya Maktaba ya Uingereza iliyoko London, wakaiba data na kudai kikombozi. Maktaba haikulipa. Katalogi ya mtandaoni ilipotea hadi Januari 2024, na hata iliporudi ilikuwa imepungua uwezo; mkusanyo wa tasnifu za udaktari za vyuo vya Uingereza, ambao watafiti wa dunia nzima wakiwemo wetu walikuwa wakiutumia bure, ulibaki umefungwa kwa muda mrefu zaidi. Mamilioni ya vitabu vya karatasi yalikuwa mahali pake, salama. Kilichokosekana ni njia ya kuvifikia, kwa sababu hata kitabu cha karatasi siku hizi kinatafutwa kwa kompyuta.

Kwetu, mfano wa karibu ni wa Mei 12, 2024. Nyaya za EASSy na Seacom chini ya bahari zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Intaneti ikazorota kwa siku kadhaa. Siku kama hizo, maktaba inayotegemea vitabu vya mtandaoni peke yake huwa na viti, umeme na viyoyozi, na haina cha kusomwa.

Ukiviweka pamoja, karatasi hupotea mara moja na kabisa, mtandao hupotea mara kwa mara na kwa muda, isipokuwa mkataba ukiisha. Kinga ya kweli ni kuwa na vyote viwili kwa kile kisicho na mbadala.

Macho, wino na kioo

Je, tunaelewa sawasawa tukisoma kwenye kioo? Mwaka 2018 watafiti walioongozwa na Pablo Delgado wa Valencia, Hispania, walichambua tafiti 54 zilizofanyika kati ya 2000 na 2017, zenye washiriki zaidi ya 170,000. Karatasi ilionyesha ushindi mdogo lakini wa wazi katika uelewa, hasa kwa matini za maarifa na hasa msomaji anapobanwa na muda. Kwa hadithi tofauti haikuonekana. Na kilichonishtua zaidi ni kwamba pengo halikupungua kadiri miaka ilivyokwenda, liliongezeka. Kwa hiyo dai kwamba kizazi kilichozaliwa na simu kitasoma kwenye simu kwa uelewa uleule, tafiti hizo haziliungi mkono.

Upande wa kutafuta, karatasi haina ubavu. Mwanasheria anayetaka kujua neno fulani limetumika wapi katika juzuu kumi za hukumu ataandika neno na kupata jibu kabla aliye rafuni hajashusha juzuu ya pili. Ila rafu ina utafutaji wake. Unakwenda kufuata kitabu cha historia ya Kilwa, unakutana na jirani yake juu ya sarafu za pwani, ambacho hukujua kama kipo. Katalogi ya mtandaoni hujibu ulichouliza. Rafu hukuonyesha na ambacho hukuuliza. Mtafiti anayeanza, ambaye bado hajui maswali yake, anahitaji rafu kuliko profesa.

Nani anafikiwa

Machi 2020 vyuo vya Afrika Mashariki vilifungwa kwa sababu ya korona. Tanzania ilifungua vyake Juni 1, majirani walichelewa zaidi. Wakati huo karatasi zote zilikuwa nyuma ya kufuli, na mwenye nywila ya maktaba tu ndiye aliyeendelea kusoma. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania aliye Namtumbo au Kasulu, kila mwaka ni hivyo, korona au hapana. Kumwambia kitabu kipo Dar es Salaam ni sawa na kumwambia hakipo.

Msomaji asiyeona vizuri naye anafaidika sana na nakala laini: anakuza maandishi, au anasomewa na programu. Kenya, Uganda na Tanzania zimejiunga na Mkataba wa Marrakesh unaoruhusu vitabu kugeuzwa katika maumbo ambayo wasomaji hao wanaweza kuyatumia. Tatizo ni kwamba nyingi ya PDF zetu ni picha za kurasa, na programu ya kusoma kwa sauti haioni neno hata moja kwenye picha. Chuo kinachoskani vitabu bila kuyageuza maandishi yasomeke na mashine kimefanya nusu ya kazi.

Kuna na suala la bando. Kitabu cha mtandaoni kinasemekana ni cha bure kwa mwanafunzi, lakini nje ya mtandao wa chuo analipia kila anachokifungua. Ndiyo maana jioni unawaona wamejipanga kwenye ngazi na varanda za jengo la maktaba lililokwisha kufungwa, wakivuta mtandao wa ndani wakiwa nje. Idara inayopendekeza vitabu vya mtandaoni idai pia faili zinazopakulika mara moja na kusomwa bila intaneti.

Rafu dhidi ya viti

Baadhi ya vyuo vya Marekani viliamua kuondoa karatasi kabisa. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko San Antonio kilifungua maktaba ya uhandisi isiyo na vitabu 2010, na Florida Polytechnic ikaanza 2014 kwa vitabu vya mtandaoni takribani 135,000 na rafu tupu kwa makusudi. Hivi ni vituo vya uhandisi na teknolojia, na kwa masomo hayo uamuzi una mantiki: kitabu cha programu za kompyuta cha miaka kumi iliyopita kina thamani ndogo.

Vermont ilijaribu kulipeleka hilo chuo kizima. Februari 2023 uongozi wa Vermont State University ulitangaza kwamba kuanzia Julai maktaba zake zitakuwa za kidijitali tu. Wanafunzi na wafanyakazi walikataa katakata, rais wa chuo akajiuzulu Aprili, na mpango ukaachwa. Chuo Kikuu cha Yale nako, mpango wa kupunguza vitabu vya Maktaba ya Bass kutoka 150,000 hadi 40,000 ulikutana na wanafunzi walioingia kuazima vitabu kwa wingi ili kuonyesha kwamba vinatumika, vikabaki 61,000. Nashukuru kuona vijana wakigombea vitabu vya karatasi katika chuo ambacho hakikosi fedha za kununua kitu chochote cha mtandaoni.

Chuo Kikuu cha Chicago kilichagua njia ya tatu. Maktaba ya Mansueto, iliyofunguliwa 2011, ina ukumbi wa kusomea chini ya kuba la kioo, na chini ya ardhi kuna ghala lenye nafasi ya juzuu milioni 3.5. Unaomba kitabu kwa kompyuta, mtambo unakileta ndani ya dakika chache. Nafasi ya juu ni ya watu, nafasi ya chini ni ya vitabu. Gharama yake sisi hatuiwezi, lakini wazo lenyewe halihitaji mitambo: chumba kikavu, rafu za kusogezwa, katalogi sahihi, na mhudumu anayekwenda kuchukua kitabu mara mbili kwa siku.

Kwa upande wa kuondoa vitabu, wanaodai vingi havisomwi hawasemi uongo. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh uliochapishwa 1979 ulikuta kwamba karibu asilimia 40 ya vitabu vilivyonunuliwa 1969 havikuazimwa hata mara moja katika miaka sita. Hizo zilikuwa siku ambazo mtandao haujazaliwa. Ununuzi wa kubahatisha ni upotevu kwenye karatasi, na ni upotevu pia kwenye leseni.

Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018, ilitangazwa kuwa na uwezo wa vitabu 800,000 na watumiaji 2,100 kwa wakati mmoja. Waliopanga hawakuchagua kati ya kiti na rafu, nami nawaunga mkono. Kijana anayelala watu wanne chumba kimoja anahitaji meza yenye utulivu kama anavyohitaji kitabu.

Vitabu ambavyo hakuna atakayetuuzia

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera kuliko yote. Mijadala hii hudhani kwamba kila kitabu kipo kwa sura mbili na kazi ni kuchagua. Kwa Kiswahili na kwa Afrika Mashariki sivyo. Chukua kazi za isimu na fasihi zilizochapwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, miaka ya 1970 na 1980. Ukiishika nakala moja leo, karatasi imekuwa ya kahawia, gundi imekauka, mgongo umeshikiliwa na utepe wa plastiki, na jalada la nyuma lina karatasi ya mihuri ya tarehe ambayo mwisho wake ni miaka mingi nyuma. Kwa mujibu wa takwimu za kuazimwa, hicho ni kitabu cha kuondolewa. Nenda sasa kwa wakala yeyote wa vitabu vya mtandaoni ukakitafute. Wengi wa mawakala hao hawajui hata kama kiliwahi kuchapwa.

Kuna pia hati za tenzi kwa herufi za Kiarabu ambazo mtafiti J.W.T. Allen alizikusanya kwa ajili ya maktaba ya Mlimani, Dar es Salaam, miaka ya 1960. Ziko tasnifu za shahada za uzamili, zilizopigwa taipu, nakala mbili au tatu tu. Vimo vijitabu vya vyama vya ushirika, ripoti za wizara, magazeti ya wilaya. Sehemu ya East Africana, yaani ya machapisho ya Afrika Mashariki, ndiyo inayovilea vitu kama hivi, na kila chuo chetu chenye umri kina kabati la namna hiyo, hata kama halina jina.

Kwa mkusanyo huu, ulinganisho wa kawaida unageuka. Nakala ya karatasi ndiyo kitabu, na nakala ya mtandaoni ni kitu ambacho chuo chenyewe lazima kikitengeneze: kuskani, kuyageuza maandishi yasomeke na mashine, kuomba ruhusa kwa wenye hakimiliki, kisha kuweka mafaili sehemu zaidi ya moja. Fedha inayotumika hapo hainunui leseni ya mtu. Inazalisha mali ya chuo ambayo vyuo vya Bujumbura, Lubumbashi, Muscat na Leipzig vitaihitaji. Na baada ya kuskani, karatasi isitupwe: picha ya hati haionyeshi aina ya karatasi, wala marekebisho ya penseli yaliyofifia, wala kurasa mbili zilizogandana ambazo mpiga picha alizipita.

Unapojaza fomu

Kama idara yako ni ya tiba, sayansi ya kompyuta au uhandisi, elekeza sehemu kubwa ya fedha mtandaoni, ubakize karatasi kwa vitabu vya msingi vichache vinavyosomwa na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na uvinunue kwa nakala nyingi. Sheria igawanye: hukumu na majarida mtandaoni, vitabu vya kufafanua sheria za nchi kwenye karatasi, toleo la zamani likitunzwa, kwa kuwa kesi huamuliwa kwa sheria iliyokuwepo siku ya tukio. Historia, fasihi, falsafa na Kiswahili, karatasi kwanza, pamoja na fungu la kuskani kila mwaka hata kama ni dogo. Elimu ya mbali, mtandao, bila kubishana.

Kabla ya kusaini leseni, muulize wakala wasomaji wangapi wanaingia kwa wakati mmoja, mkataba ukiisha tunabaki na nini, na faili linasomeka bila intaneti au la. Asipojibu kwa maandishi, hamisha fedha hiyo kwenye nakala ngumu mwaka huu.

Na usiruhusu nakala ya mwisho ya kitabu chochote kilichochapwa Afrika Mashariki iondoke rafuni kwa sababu tu haijaazimwa. Ulizeni kwanza maktaba nyingine za nchi yenu na za jirani kama wanacho. Wasipokuwa nacho, kiingizeni kwenye orodha ya kuskaniwa na kukirudisha mahali pake.